Ufunguo wa Kepher

Mtu akiona haya kufunua tatizo lake mbele ya wanaoweza kumsaidia, tatizo hilo hukua kimyakimya hadi limwaibishe hadharani. Ndiyo maana wahenga wakasema mficha uchi hazai. Kepher aliijua methali hii tangu shule ya msingi, ila aliijua kwa ajili ya mtihani tu.

Mnamo mwaka 1997, kiwanda kimoja cha majani chai karibu na Roret kilinunua kompyuta. Kepher, kijana kutoka pande za ziwa, akaajiriwa kuitengenezea programu ya kutunza habari za wachumaji, walio kazini na waliostaafu. Kila mchumaji alihitaji ufunguo, yaani alama ya kumtambulisha isiyofanana na ya mwingine. Namba za kazi hazikufaa, kwani mtu akiacha kazi mwingine aliirithi namba yake. Kepher akaunganisha jina na tarehe ya kuzaliwa, akajipongeza.

Alipoanza kuingiza watu, kompyuta iligoma: ufunguo huu una mwenyewe! Akadhani programu inaisoma tarehe vibaya. Akageuza siku na mwezi, akafuta saa ambazo kompyuta huziweka kisiri pamoja na tarehe. Wapi! Kila ufunguo uliogoma ulikuwa na tarehe ileile, Januari mosi, ikimkodolea macho.

"Kepher, kuna shida?" aliuliza Robert, karani wa meza ya pili. "Si useme tusaidiane."

"Hakuna shida, bwana. Ni mambo ya kompyuta tu."

Moyoni alikuwa akilia. Aliogopa kuambiwa ameshindwa na kurudishwa kwao. Mchana alikula peke yake nyuma ya kiwanda, akiwasikia wachumaji wakitaniana kwa Kikipsigis asichokielewa. Wenzake walidhani ana maringo, kumbe upweke ulikuwa unamla kama mchwa. Mwishowe, kila kompyuta ilipogoma, aliisogeza tarehe ya mtu siku moja mbele bila kumwambia yeyote. Kompyuta ikanyamaza.

Majuma machache baadaye, mchumaji mmoja aitwaye Tecla Chepkemoi aliingia ofisini na gambuti zake zenye matope. Asubuhi hiyo meneja alikuwa amekagua nyumba za kiwanda, ambazo ni za walio kazini tu. Alipoandika jina la Tecla na tarehe ya kitambulisho chake, kompyuta ilimleta Tecla Chepkemoi mwingine, aliyestaafu zamani. Mama wa watu akaamriwa ahame.

"Kijana, mashine yako inasema mimi nilistaafu," alisema. "Na leo asubuhi nimechuma chai! Watoto nitawapeleka wapi?"

Kepher alitamani kukilaumu kitambulisho. Akaitazama mikono ya yule mama, iliyoingia weusi wa majani chai, akashindwa.

"Mama, kosa ni langu. Tarehe ziligongana, nikaficha. Yako niliibadilisha."

Robert aliweka kalamu chini. "Tarehe gani hiyo?"

"Januari mosi."

Ofisi nzima iliangua kicheko. "Hata mama yangu ni Januari mosi!" Robert alisema. "Karani wa vitambulisho aliwauliza wazee rika lao tu, akakisia mwaka. Siku akawapatia wote hiyo moja."

"Na huyo Tecla mwingine ni wa rika langu," Tecla akadakia.

"Mbona hukuniambia, Robert?"

"Si ulisema hakuna shida?"

Kepher akainamisha kichwa. Alikumbuka kuwa hata mamake mzazi, kule ziwani, alikuwa ameandikiwa Januari mosi.

Alimwendea meneja na kusema yote. Alikaripiwa hadi masikio yakamwaka moto, lakini hakufukuzwa, na Tecla akabaki na nyumba yake. Kepher akarudisha tarehe za watu, kisha akaiacha kompyuta impe kila mtu namba yake mpya, isiyorithiwa kamwe.

Mchana ulipofika, alichukua chakula chake kuelekea nyuma ya kiwanda kama kawaida.

"Wewe, unaenda wapi?" Robert alimwita, akisogeza kiti. "Kuja hapa, leo nimebeba mursik."

Kepher akaketi, akapokea kikombe cha maziwa hayo yaliyochachishwa kibuyuni, machozi yakimlengalenga. Siku zote hizo alizokula peke yake, msaada ulikuwa meza ya pili tu. Hakika, mficha uchi hazai.