Simba Asiye na Vifungo

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na nani?

— Na wao! Sisi hatujaja!

Hamjaja, na tayari mnasukumana. We Sharifa, toa mguu mgongoni mwa mwenzio. Haya, tulieni.

Palikuwa na watu wachache katika mji mmoja, watu wa kawaida tu. Huyu anauza mafuta ya taa, yule anasuka mikeka. Walichopatana ni kimoja: walipenda wanyama wanaosema. Msuka mikeka, jina lake Mwatime, alichora paa aliyevaa kanzu, akampa jirani. Jirani akachora kima anayekunywa chai, akampelekea shemeji yake. Picha zikazunguka, zikazunguka, mpaka wakaulizana, kwa nini tusikutane? Wakakutana chumbani kwa Mwatime. Safari iliyofuata mmoja akaja na mkia wa katani. Safari nyingine mtu akaja na masikio. Mwisho chumba hakikutosha, wakahamia banda la kukaushia mbata, na kila mtu kajishonea mnyama mzima, kichwa mpaka kucha, kwa magunia, mablanketi na sufi. Majirani wakasema, "Hawa wamerogwa." Wao wakasema, "Karibuni."

Banda lilikuwa na sheria. Aliyevaa kichwa hasemi. Aliyevaa kichwa havui mbele za watu. Na kwa kuwa macho ya kile kichwa ni vitundu tu, aliyevaa kichwa haendi peke yake. Ana mshika mkono, wa kumwambia hapa ngazi, hapa shimo. Akizidiwa na joto anapelekwa chumba cha nyuma, na huko ndiko anavua, anakunywa maji, anapepewa.

Sasa, nje ya mji huo alikaa Nguchiro na wanawe. Nguchiro mnamjua, yule mdogo mwembamba, mwizi wa mayai. Siku moja akapita pale, akachungulia mlangoni. Mwatime akamwona.

"Jamani, njooni mwone! Nani kakushonea wewe?"

Nguchiro kimya. Aseme nini?

"Hasemi! Anajua sheria huyu! Mwingizeni ndani!"

Akaingizwa, akapewa pilau, akapewa mayai ya kuchemsha, akasifiwa mshono mpaka akaona haya. Tangu siku hiyo hakukosa. Wanakutana, yumo. Anakula, anabeba mengine kinywani, anawapelekea watoto.

Lakini Fisi ana pua, bwana. Akaja mpaka mlangoni pa shimo. Nus! Nus! Nus!

"Nguchiro."

"Naam, Bwana Fisi."

"Unanuka pilau."

Nguchiro akajaribu uongo, ukagoma. Fisi alikwishaingiza mkono shimoni, akamvuta kitinda mimba kwa mkia, akamning'iniza. Mtoto analia, nyii, nyii, nyii.

"Sema, au nianze na huyu."

Nguchiro akasema yote, banda, watu, vichwa, pilau. Mama yeyote angesema.

Fisi akamtupa mtoto chini. "Pilau kula wewe. Mimi nitakula watu. Utanipeleka. Nikirudi na njaa, nawamaliza wanao wote, na kwako napajua."

"Nitakupeleka, bwana mkubwa."

"Nitaenda hivi hivi, kama wewe."

"Hivi hivi watakujua."

"Mbona wewe hawakukujua?"

"Bwana Fisi, usikasirike. Hakuna mtu anayejishonea fisi."

Fisi akashusha masikio. Iliingia, hiyo.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi nitakuwa simba!"

"Kila mtu anataka kuwa simba. Banda limejaa simba."

"Nimesema simba!"

Haya, simba. Siku ya kukutana ilipofika, Nguchiro akapenya chumba cha nyuma, akakuta vazi la simba limeanikwa, jasho linakauka, mwenyewe kalala fofofo. Akaliburuta mpaka kichakani. Fisi akaingia ndani yake, akafungwa vifungo mgongoni, tak, tak, tak. Kikaja kichwa. Pu! Giza.

"Sioni!"

"Nipe mkono. Na kumbuka, aliyevaa kichwa hasemi."

Wakaingia bandani, kwata, kwata, kwata. Watu wakamkumbatia. Huku mtu mnene, huku mtu laini! Fisi akauma. Akauma kitambaa, mdomo wa simba umeshonwa. Akabaki kulamba gunia.

"Joto!" akanong'ona.

"Hasemi."

"Njaa!"

"Hasemi."

"Nitakula wapi, Nguchiro?"

"Chumba cha nyuma. Huko ndiko wanakovua vichwa."

"Twende!"

Nguchiro akamtoa kwa mlango mwingine. Hakwenda chumba cha nyuma. Alishika njia ya mwituni, kwata, kwata, kwata, anaomba kimoyomoyo Fisi asivue kile kichwa.

"Mbona mbali?"

"Banda ni refu."

"Mbona nachomwa?"

"Mikeka ya Mwatime, hajaimaliza."

"Mbona kunanuka?"

"Wametoka jasho, bwana. Hata wewe unanuka."

Wakafika pangoni. Na pangoni alilala Simba mwenyewe, amekula, anakoroma. Ngrrr. Ngrrr.

"Huyu hapa," Nguchiro akanong'ona. "Mnene. Kalala na vazi lake."

"Nimle?"

"Mvue kwanza. Utakula magunia?"

Nguchiro akauachia mkono, akarudi kinyumenyume.

Fisi akapapasa. Akapapasa manyoya, akapapasa makucha. "Lo! Fundi wa huyu ni nani?" Akatafuta mgongoni, papasa, papasa, hakuna kitu. Akaona isiwe tabu, akakamata kichwa kwa mikono miwili, akavuta. Nng'! Hakitoki. Akaweka mguu begani mwa Simba, akavuta tena. Nng'!

Simba akafungua jicho.

"Unatafuta nini?"

"Nyamaza! Aliyevaa kichwa hasemi. Natafuta vifungo."

"Mimi," Simba akasema, "nilizaliwa bila vifungo."

Hapo Fisi akaelewa. Akataka kukimbia, haoni. Akataka kuvua, vifungo viko mgongoni. "Nguchiro! Nguchiro wee! Nishike mkono!"

Nguchiro yuko wapi? Simba akamtafuna simba, ndani akakuta fisi, akala hivyo hivyo huku amekunja uso.

Nguchiro alikimbia bila kugeuka. Akaingia shimoni, akawakumbatia wanawe wote kwa pamoja, akalia, kwa sababu njia nzima alikuwa na hofu na sasa ndiyo ilikuwa inamtoka. Wale watu walifuata nyayo za vazi lao, na Simba alipoondoka wakaliokota nje ya pango, limeraruka, lina manyoya ya fisi ndani. Wakayatazama, wakatazamana. Ndiyo maana mpaka leo, wanaojivika wanyama hawakurupuki kukumbatiana. Wanauliza kwanza.

Funzo la ngano hii, shikeni sana: mtu abaki vile alivyozaliwa, asijivike asivyo. Nani hapo kajifunga mkia? Ufungue sasa hivi. Ngoja kwanza, geuka nikuone. Mh. Umekupendeza. Basi usiufungue.

Ngano nimeitua. Wa kuibeba?

— Tupo!

Ibebeni, mimi naenda kulala.