Bi Lubaba na Mitungi Iliyozibwa kwa Nta

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, ya kwamba katika kijiji kimoja cha nchi ya Iraki, mahali ambapo mashamba ya mitende hukoma na jangwa huanza, aliishi mfinyanzi mcha Mungu aliyeitwa Wahban, pamoja na mkewe Bi Lubaba. Walikuwa watu wa swala na saumu, na hawakujaaliwa watoto. Kazi yao ilikuwa mitungi ya maji. Wahban alifinyanga na kuchoma. Bi Lubaba naye alikuwa na kazi yake ambayo mumewe hakuiingilia. Tanuri likishapoa, yeye ndiye aliyeitoa mitungi na kuigonga mmoja mmoja kwa kidole. Uliolia vizuri aliuweka kando, na uliolia vibaya aliuvunja, kwa kuwa una ufa, na mtungi wenye ufa hauuzwi.

Kila mwaka baada ya mavuno ya tende, mwendo wa siku mbili kutoka hapo kijijini, lilisimama gulio la mafundi kwa siku kumi. Walikuja wasusi wa mikeka, wahunzi, washonaji wa viatu na wafinyanzi, na wasafiri waliotaka kuvuka jangwa walinunua mitungi hapo, wakaifunga kwenye nyavu za kamba ubavuni mwa ngamia. Wahban akaingiwa na hamu ya kwenda. Majirani walimtania kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, naye akacheka nao, akaenda. Aliporudi hakuwa na kicheko. Kukodi punda, ushuru wa uwanja, chakula cha safari na mitungi iliyovunjika njiani vilikuwa vimemeza kila alichouza. Akaketi kizingitini akalia, na Bi Lubaba hakuwa amewahi kuyaona machozi ya mumewe.

Enyi ndugu zangu, msiwe wepesi wa kumhukumu mama huyu. Shetani hamwendei mcha Mungu akiwa na chupa ya mvinyo mkononi, maana anajua atafukuzwa. Humwendea na huruma. Mwaka uliofuata mitungi minane ililia vibaya, na Bi Lubaba hakuivunja. Alichanganya nta na majivu laini, akaziba nyufa, akasugua kwa kitambaa mpaka jicho lisione kitu. Mitungi hiyo akaipanga pamoja na mizima.

Wahban akarudi na faida. Alimletea mkewe ushungi wa rangi ya zafarani, akasujudu sijda ya shukrani papo hapo mlangoni, akasema kwamba gulio lile lina baraka. Bi Lubaba akasema, "Alhamdulillahi." Alijipoza kwa kusema kwamba ni mara moja tu, na kwamba wanunuzi wataiweka mitungi kivulini majumbani mwao, na nta kivulini haina neno. Mwaka wa tatu aliziba kumi na miwili. Baada ya hapo hakuhesabu tena. Dhambi ya kwanza hubisha hodi, lakini zinazofuata huingia na kuketi kama jamaa.

Ikawa mwaka wa sita. Siku moja baada ya swala ya adhuhuri, Wahban alimwita mkewe akamweleza nia yake. Marehemu baba yake alikuwa amemwachia mitende minne, na huko ndiko zilikotoka tende zao na akiba yao ya uzeeni. Alitaka kuiuza, ajenge tanuri kubwa zaidi, anunue punda wawili, na kila mwaka apeleke gulioni mara tatu ya mzigo wa sasa. Mnunuzi alikuwa amekwisha kupatikana. Lakini alikuwa mtu wa kushauriana, hakutaka kukata shauri peke yake.

"Mke wangu," alisema, "niambie kwa haki ya Mola wako. Gulio hili linatulipa, au mimi ndiye ninayejidanganya? Wewe wajua hesabu ya nyumba hii kuliko mimi."

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Lakini Bi Lubaba daftari alikuwa nalo kichwani, na habari alikuwa nayo. Alijua kwamba ukiiondoa mitungi ya nta, hakuna hata mwaka mmoja ambao gulio lilirudisha nauli ya punda. Akimwambia mumewe ukweli, ataivunja furaha pekee aliyomwona nayo tangu waoane. Akinyamaza, mitende itauzwa, na nta itabidi iongezwe mara tatu. Akaomba siku tatu. Katika siku hizo hakula ila kidogo, na kila aliposimama kuswali alihisi kama anayemsemesha mtu aliyempa mgongo. Hofu yake kubwa haikuwa talaka. Alihofu kwamba mumewe hatamwamini tena mpaka afe.

Siku ya nne alimfuata Wahban alipokuwa akikanda udongo, akasimama mbele yake.

"Gulio halitulipi," alisema. "Halijatulipa hata mwaka mmoja. Kilichotulipa ni nta."

Kisha akamweleza yote, tangu ile mitungi minane mpaka siku ile, hakuficha na hakujitetea. Wahban aliendelea kukanda udongo kwa muda mrefu, ingawa ulikuwa umekwisha kulainika. Hatimaye akauliza ni mitungi mingapi. Akajibiwa kwamba haijulikani. Akauliza ni nani walioinunua.

"Wewe ndiye uliyewauzia, bwana wangu," alisema Bi Lubaba. "Mimi sijawaona."

Hapo Wahban akaitoa mikono udongoni, akaitazama. "Kila mtungi," alisema, "nimeuapia kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba ni mzima."

Hakumpiga, hakumtukana, wala hakumwacha. Ingekuwa heri kwake kama angefanya mojawapo, hivyo ndivyo Bi Lubaba alivyosema baadaye. Wahban aliingia ndani akatawadha, na alipotoka alikwenda moja kwa moja kwa yule mnunuzi, akaiuza mitende yote minne. Msimu wa gulio ulipofika, wote wawili wakafunga safari na fedha ile, pamoja na mitungi yote mizima waliyokuwa nayo, kwa sababu dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake hufutwa kwa toba, lakini haki ya mja hubaki shingoni mpaka mwenyewe alipwe au asamehe.

Gulioni Wahban alisimama mahali pake pa siku zote akanadi kwa sauti kwamba aliyenunua mtungi kwake katika miaka mitano iliyopita na aje achukue fedha yake, kwa kuwa katika mitungi ile mlikuwa na ghushi. Wafinyanzi wenzake walimkasirikia sana. Mmoja wao alimwambia kwamba nta kila mtu anayo, na kwamba anawaharibia wenzake soko. Ndipo Bi Lubaba alipofahamu kwamba gulio lile liliwalipa wale tu walioziba, na mumewe alikuwa mtu pekee pale aliyedhani anauza mitungi mizima.

Watu wakaja. Wengine walileta vigae, wengine walikuja mikono mitupu, na wengine, kama mjuavyo wanadamu, hawakuwa wamenunua kitu maishani mwao kwa Wahban. Bi Lubaba alipomnong'oneza mumewe kwamba fulani anasema uongo, alijibiwa kwamba wao si watu wa kumdai mwenzao kiapo. Siku ya saba fedha ya mitende ikaisha, wakaanza kutoa mitungi. Siku ya kumi ulibaki mmoja.

Alasiri ya siku hiyo alikuja mwanamke wa jangwani, amemshika mkono binti yake mdogo. Hakuwa na kigae wala hakuomba fedha. Aliuliza ni nani aliyeiziba mitungi, na Bi Lubaba akasema ni yeye.

"Miaka miwili iliyopita mume wangu alinunua miwili hapa," yule mwanamke alisema. "Tulikuwa safarini, siku mbili mbele yetu hakuna kisima. Adhuhuri tukakuta nyavu zimelowa na mitungi yote mitupu. Tulikuwa na kiriba kimoja kidogo cha maji. Mume wangu akaninywesha mimi na mwanetu. Alisema yeye ameshakunywa. Kisimani tulifika wawili tu, mimi na mwanetu."

Bi Lubaba akaanguka miguuni pake akalia, akamwomba msamaha kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Yule mwanamke akamwinua, hakuwa na ukali. "Kiu yangu nimekusamehe, dada yangu," alisema, "na kiu ya mwanangu nimekusamehe. Kiu ya mume wangu ilikuwa yake. Hiyo si yangu kuisamehe." Wahban akampa ule mtungi uliobaki. Yule mwanamke aliugonga kwa kidole, akausikiliza, akauchukua, akaenda zake na binti yake.

Wahban na Bi Lubaba hawakwenda tena gulioni. Waliishi kimaskini, wakiuza mtungi mmoja mmoja hapo mlangoni kwao, na iliyobaki waliibeba kwenye njia ile ya jangwa, wakaijaza maji kwa ajili ya wapitao, sadaka kwa niaba ya mtu ambaye hata jina lake hawakuliuliza. Wahban alimtangulia mkewe mbele ya haki kwa miaka mingi. Husimuliwa kwamba alimsamehe, na kwamba aliacha kabisa kuapa, hata kwa jambo la kweli.

Bi Lubaba alipofikwa na maradhi ya mauti, wanawake wa kijiji walimzunguka, wakamkumbusha rehema ya Mola na maji yote aliyowanywesha wasafiri. Mmoja akamuuliza kama ana tumaini.

"Kwa Mola wangu ninalo," alisema. "Kwa yule bwana aliyekufa kwa kiu, sijui. Nakwenda kumuuliza."

Hayo ndiyo yaliyotufikia katika habari yake. Nasi kila siku hukaa tukipiga hesabu kama soko fulani linatulipa au halitulipi, na ni haki yetu, kwani riziki ya halali hutafutwa kwa akili. Ila tukishatoa nauli, ushuru na vilivyovunjika njiani, tuangalie pia faida iliyobaki imetoka mfukoni mwa nani, na kama tutamwona tena huyo mtu hapa duniani kabla ya kusimamishwa naye kesho Akhera. Mola amrehemu Bi Lubaba, amrehemu na yule mwenye kiu, na atusitiri sote.