Bibi Kalekwa na Ziwa Lililozibwa Mdomo

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi. Mwenye mtoto ampakate.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji kando ya ziwa tamu. Mto uliingia juu, mto ukatoka chini, ukaenda kunywesha vijiji vya mbali.

Pembeni aliishi Bibi Kalekwa, mjane asiye na mtoto. Alichuja udongo wa chumvi, akachemsha maji yake. Tokota, tokota, tokota! Chumvi yake ililiwa kila nyumba. Yeye alikula peke yake.

Mwaka mmoja watu wakasema, "Kwa nini maji yetu yawanyweshe wengine?" Wakaziba mto wa kutokea kwa mawe na udongo. Bibi akawaonya. Wakamcheka.

Masika, kiangazi. Masika, kiangazi. Miaka ikaenda, maji yakaanza kukwaruza koo. Ng'ombe walinusa, wakageuka.

Mkuu wa kijiji, Masunga, akamjia. "Bikizee, chumvi ni ya nani kama si yako? Unatumwagia ziwani. Mwezi ukiandama, uwe umehama."

"Nihamie kwa nani, baba?"

Masunga akageuka, akaenda zake.

Tangu hapo hakuna aliyemsalimu, isipokuwa Minza, mama kijana mwenye mtoto mchanga.

"Sijaona moshi wako leo, bibi. Kunywa uji."

"Na mtoto?"

"Midomo imempasuka. Maji anayatema."

Bibi akamtazama mtoto. Akajitwika chungu, akaenda uwanjani mbele ya watu wote.

"Minza, nichotee maji ya mto unaoingia. Masunga, onja."

"Matamu."

Akayachemsha. Tokota, tokota! Yakipungua, anaongeza. Yakipungua, anaongeza. Kutwa nzima.

"Onja sasa."

"Ptuu! Chumvi!"

"Nimetia nini?"

"Hujatia kitu," Masunga akasema polepole.

"Kila mto hubeba chembe ya chumvi ya mawe na udongo. Jua hunyanyua maji, lakini chumvi haina mabawa. Ziwa lenye mlango huitoa. Lililofungwa hubaki nayo. Bahari ndiyo chungu kikuu: mito huingia, hakuna utokao. Penye mito mingi chumvi yake hupungua, penye jua kali na mito michache huzidi."

Wakakimbilia majembe, wakabomoa mawe na udongo waliozibia mto. Kwa! Kwa! Kwa! Maji yakatoka, chwaaa! Kijiji kizima kikayafuata kwa nyimbo.

Hakuna aliyekumbuka kumwambia bibi abaki. Alikuwa ameshafunga furushi, amelikalia mlangoni, akisikiliza nyimbo zikienda mbali.

Minza akaja. Akamlaza mtoto mapajani mwa bibi, akafungua furushi fundo moja moja, akarudisha kila kitu mahali pake.

Ziwa lilichukua masika mengi kupata utamu, na Bibi Kalekwa hakuyawahi maji hayo. Wanaoyanywa ndio wanaomtaja.

Anayepokea bila kutoa huchachuka mwenyewe. Na aliyekutendea wema, usimsahau siku ya furaha.

Hadithi yangu naitua hapa. Ikiwa tamu, wapeni na wengine.