Breki ya Mbio Haisimamishi Getini

Breki ya mbio haisimamishi getini. Mmeguna mliposikia shangazi yenu akimwambia Ansila hivyo, juu ya yule mchumba anayetingisha majukwaa lakini hajui kumpokea mgeni mzigo. Mmeniuliza geti lipi, na mbio zipi. Kaeni basi, maana neno hili lina mwenyewe, na mwenyewe alilipata kwa aibu.

Desideri Mkude alikuwa mwalimu wa michezo pale Morogoro, kijana mwenye mapafu mazuri na gari dogo la buluu alilolipenda kupita kiasi. Nje ya mji kulikuwa na kiwanja cha ndege kilichoachwa. Jumamosi moja kila mwezi, wenye magari walikusanyika pale, wakavaa kofia ngumu na kuzunguka mmojammoja kwa kasi wanayoitaka, bila kumsumbua mtu barabarani. Mara ya kwanza Desideri alizunguka mara tatu tu. Breki zikanuka mpira ulioungua, pedali ikazama mpaka chini, na gari likaenda kupumzika majanini.

Akalipeleka kwa fundi Mwantumu, mama mmoja hodari sana na mvivu sana wa maneno. Mwantumu akafunga diski pana, akatia mafuta ya breki yasiyochemka upesi, akaweka na pedi za mbio, zile zinazobana diski ili gari lisimame. Alipomaliza alifuta mikono, akasema, "Pasha kwanza, ndipo ukanyage." Kisha akamkabidhi pedi za zamani ndani ya boksi. "Na hizi ni za nyumbani."

Desideri alishukuru. Boksi akalipeleka nyumbani, akaliweka juu ya kabati, kama alivyoambiwa. Jumamosi ilipofika alipasha kweli: alikimbia kuzunguka gari, akanyoosha misuli ya mapaja, akaruka mara arobaini na kofia yake kichwani. Wenzake walimtazama, wakatazamana. Kona ya kwanza breki zilikuwa nzito kidogo, lakini kuanzia ya pili zilishika kwa namna ambayo hajawahi kuiona, na kadiri alivyozidi kukimbia ndivyo zilivyozidi kushika. Alirudi mjini akiamini kwamba mazoezi yana siri nyingi.

Jumapili asubuhi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Barua yake ya posa kwa Restituta ilikuwa imekaa wiki tatu kwa baba wa binti, Mzee Kobelo, na leo aliitwa kusikia jibu. Mzee Kobelo alikuwa ameendesha treni miaka thelathini. Wachumba wawili alikwisha kuwarudisha. Yeye hakumpima mtu kwa anavyokwenda; alimpima kwa anavyosimama.

Nyumba ilikuwa chini ya mteremko. Desideri, ndani ya suti, aliteremka polepole kwa gia ndogo, kwa adabu zote; njia ilikuwa tupu na hakuwa amegusa breki tangu atoke kwake. Alipokaribia geti akakanyaga. Pedali ilikuwa ngumu, nzima kabisa, lakini gari liliendelea kwa upole uleule mpaka likaligonga geti na kuliacha na bonde.

Mzee Kobelo alitoka, akatazama bonde, akamsogelea kijana na kumnusa kinywa. Hapakuwa na pombe. Desideri alijitetea kwamba breki ni mpya, za mbio, jana tu zimemsimamisha kutoka kasi ya kutisha. Mzee akamwamuru apande na kushuka mteremko mara tano, akikanyaga kila baada ya hatua chache. Mara ya tano gari lilisimama kama limepigiliwa msumari. Wote wawili wakaduwaa.

Wakaingia ndani. Chai ikanywewa, habari za ukoo zikaulizwa, na Restituta alipita na sahani mara tatu zaidi ya ilivyohitajika. Saa mbili zikapita. Mzee akasema kabla hajatoa jibu angependa gari lisogezwe, linaziba njia. Desideri akarudi nyuma taratibu, akakanyaga, na gari likalisukuma pipa la maji mpaka likalala chali. Maji yakafika barazani.

Hapo Desideri alichanganyikiwa hasa. Breki ilikuwa nzuri ikikimbizwa na mbovu ikibembelezwa. Iligoma asubuhi, ikakubali baadaye, ikagoma tena, na yeye hakuwa amebadilisha kitu. Aliogopa kwamba anampoteza Restituta kwa jambo ambalo hata kulieleza hawezi. Mzee Kobelo alikwisha kuitoa barua ya posa mfukoni.

"Mpigie fundi wako," akasema. "Nisikie na mimi."

Desideri akapiga simu, sauti ikiwa juu. Mwantumu alisikiliza habari za geti na pipa mpaka mwisho.

"Mwalimu, nilikwambia upashe kwanza."

"Jana nilipasha, fundi. Niliruka mpaka jasho likanitoka."

"Uliruka wewe?"

"Mimi, ndiyo."

"Breki, Mwalimu. Ni breki za kupashwa. Hizo zikiwa baridi hazishiki, mpaka zipate moto. Ndiyo maana nikakupa zile za nyumbani."

"Ziko nyumbani, fundi. Juu ya kabati."

Mzee Kobelo aligeuka kutazama ukuta, mabega yakimtikisika. Restituta, nyuma ya pazia, hakujizuia hata kidogo. Desideri alitamani ardhi ipasuke. Herufi mbili tu Mwantumu alizozibana, ile "zi" ya "zipashe", kumbe zilitosha kubonyeza geti.

Mzee alipojimudu, sauti yake haikuwa na kicheko tena. "Kijana, breki ya mbio haisimamishi getini. Mwanangu haolewi uwanjani. Ataishi nyumbani, na nyumbani ni geti asubuhi, geti jioni, kila siku ya Mungu. Hilo boksi lishushe kabatini. Njoo Jumapili ijayo, nikuone ukisimama."

Barua akairudisha mfukoni.

Jumapili iliyofuata gari la buluu liliteremka likiwa na pedi zake za zamani, baridi kama maji ya mtungi. Likasimama. Mzee Kobelo alitoka, akapitisha kiganja kati ya gari na geti, kikaenea. Alifungua geti, pande zote mbili.

Lile bonde hakuruhusu linyooshwe, na kila aliyeuliza alijibiwa kwa maneno yaleyale, hadi mji mzima ukayachukua. Basi yule mchumba wa Ansila akija Jumapili, msimhukumu kwa hotuba zake. Mwangalieni akifika, anavyobisha hodi, anavyomsubiri bibi amalize kusalimia. Breki ya mbio haisimamishi getini.