Matanga Yasiyoanuliwa

Mchungaji angenipa kazi ya kufagia kanisa ningeshukuru. Kufagia najua. Hili la kunisimamisha mbele za watu na magoti haya, eti "bibi, tupe mfano, wewe una mifano," ni uonevu. Neno ni lake, kalisoma vizuri, sasa amekaa anajipepea, mimi ndiye niwaamshe waliolala. Haya. Wewe wa nyuma uliyeegemea ukuta, kaa sawa. Sirudii.

Kulikuwa na mzee mmoja mwenye shamba bondeni, udongo mweusi ule ambao ukichovya kidole unadhani umechovya mafuta. Akafa. Wote tutakufa, hilo si habari. Habari ni kwamba aliacha wana watatu wa kiume, na kabla udongo wa kaburi haujakauka wakashikiana mapanga kwa ajili ya shamba. Wa kati akamkata mdogo mkononi, mdogo akamrudishia begani. Mkubwa alikuwa ndani ya nyumba analitafuta panga lake, hakuliona upesi. Ndiyo maana yeye peke yake alibaki hana jeraha, na watu wakasema huyu ndiye mtu wa amani.

Majirani wakaja mbio. Tuwape haki yao, walikuja. Waliingia katikati kwa vifua vyao, wakawanyang'anya wale ndugu mapanga yote, wakayafunga kamba, yakaenda kuwekwa kwa mzee wa majirani. Kisha wakatandika mikeka. Na desturi ya kule ni kama ya kwetu. Nyumba ikiwa na matanga haiwashi jiko lake. Majirani ndio wapikao, ndio watekao maji, ndio waletao kuni. Jembe la wafiwa haligusi shamba la marehemu, wala urithi haugawanywi. Mpaka siku ya kuanua matanga. Siku hiyo mikeka inakunjwa, wazee wanakaa, shamba linakatwa mipaka, na nyumba inamchagua mkuu wake.

Mzee wa majirani akamwambia yule mkubwa, "Mwanangu, shika nyumba. Si yako. Unaishika tu mpaka tuanue."

"Nimesikia, baba," akajibu, macho chini. Ungemwona siku ile ungempa hata mtoto wako akushikie.

Akaketi kwenye kigoda cha baba yake. Sufuria za majirani zikaanza kuingia, asubuhi na jioni, kila moja imepakwa rangi chini, nyekundu, bluu, ijulikane imetoka kwa nani na shukrani ziende wapi. Mkubwa ndiye mgawaji. Aliyemwamkia vizuri alipata nyama. Aliyekohoa vibaya alipata mchuzi wa juu. Watu wakaanza kumwita Mzee, na ndevu hazijamjaa. Jamani, mnafikiri mtu anayeitwa Mzee kwa chakula cha jirani atatamani siku ya kukunja mikeka?

Mkewe ndiye aliyeona kwanza. Mwanamke mkavu, hasemi la kupamba.

"Baba watoto, mvua imeshashuka. Wenzetu wa juu wamekwisha panda maharage. Mbegu yetu inaliwa na dumuzi hapo darini. Tunaanua lini?"

"Nyumba haijatulia, mama watoto."

"Itatuliaje, na wewe kila kukicha unakwenda kuikoroga kama uji?"

"Sasa wewe unakosa nini? Unakula, hupiki. Kuna wanawake wanayaomba maisha hayo."

"Nakosa moto wangu. Mafiga yangu yameota majani. Nakula kwa watu kama mgonjwa, na mikono ninayo."

Akamwambia anyamaze. Lakini mke alisema kweli. Yule bwana alikuwa ameshajua kwamba kukiwa na utulivu, mzee wa majirani huja kuuliza habari ya kuanua. Basi kila akisikia mzee yuko njiani, hutangulia kwenda kung'oa miche ya mpaka kati ya nyumba za wadogo zake. Kisha anaingia kwa wa kati: "Mwangalie mdogo wako anachofanya. Mimi simo." Anatoka hapo anaingia kwa mdogo: "Kaka yako anasema mkono ule ungekatika wote. Mimi simo." Mzee akifika anakuta mawe yanaruka.

"Kweli, bado," mzee anatikisa kichwa. "Wakiachwa hawa watamalizana."

"Si mnaona mzigo wangu, baba? Msituache."

Na sufuria zinaongezwa. Wakaletwa na vijana wa kulinda, wakakaa mlangoni, nao wakala. Safari moja mambo yalipopoa sana, mkubwa alikimbia hadi kwa majirani akipiga kelele kwamba mdogo wake ameuawa. Wakaja mbio, wengine hawakuvaa viatu. Wakamkuta marehemu anapasua kuni.

Majirani walikuwa wajinga? Hata. Mama mmoja wa jirani alimwona mkubwa ana udongo kwenye kucha, katika nyumba ambayo jembe ni mwiko. Akamnong'oneza mzee. Mzee akamwambia, "Usituletee maneno msibani." Kwa nini? Kwa sababu kwenye mikeka ile yeye ndiye aliyeamkiwa wa kwanza, na kidari cha kuku kilikuwa chake. Nani atakunja mkeka ambao yeye ameketi mbele? Wala hakuna hata mmoja wao aliyekwenda uani kumwuliza yule mke unataka nini.

Misimu ikapita. Watoto walizaliwa kwenye matanga yale, wakajifunza kutembea kwa kushika sufuria za watu. Ukimwuliza mtoto wa nyumba ile chakula kinatoka wapi, haoneshi shamba. Ananyoosha kidole barabarani.

Halafu mto ukafurika, ukazoa kijiji cha ng'ambo. Msiba mbichi, wa kulia machozi. Sufuria zikageuza njia. Mzee wa majirani akaja mara ya mwisho, hakukaa hata. Akaweka lile furushi la mapanga kizingitini.

"Tunakwenda ng'ambo. Mali zenu hizi hapa. Mmekuwa watu wazima."

Hivyo tu. Waliotumia misimu yote ile kuwatenganisha ndugu walitumia kufumba na kufumbua kuwarudishia mapanga.

Mke akatoka ndani akayaona. "Yatupe chooni hayo, baba watoto. Sasa hivi. Kesho tukunje mikeka wenyewe, tuite wadogo zako, tulime. Na kama si wewe mkuu wa nyumba, basi si wewe. Utakufa?"

Hapo ndipo njia ilipogawanyika, ndugu zangu. Choo kilikuwa nyuma ya nyumba tu. Ninyi mngefanya nini? Msijibu haraka.

Yeye alikitazama kigoda. Akaitazama barabara, haina mtu. Akawaza: kelele zikiwa kubwa, zitasikika hadi ng'ambo, na sufuria zitarudi. Hakutaka mtu afe, hilo nitamtetea. Alitaka kelele. Akafungua kamba. Panga la wa kati akampelekea wa kati. "Mdogo wako anakuja na lake. Wewe jilinde tu." La mdogo akampelekea mdogo. "Kaka yako anakuja na lake. Wewe jilinde tu."

Wakakutana bondeni mchana kweupe, kila mmoja anakuja kujilinda.

Mke akawaona kutoka uani. Akateremka mbio, mikono mitupu. "Shemeji! Shemeji zangu! Wekeni chini, mmedanganywa! Aliyewapa ni mmoja!" Akaingia katikati kwa kifua chake, kama majirani walivyofanya siku ile ya kwanza. Lakini majirani walikuwa wengi, yeye alikuwa peke yake.

Panga la nani lilimpata? Msiniulize. Kila panga pale lilitoka mkono wa mumewe. Wale ndugu walipomwona ameanguka walitupa vyuma, huyu akakimbilia huku, yule kule, na hawajaonekana.

Mkubwa akavuka mto, maji kiunoni, akamkuta mzee wa majirani ameinamia sufuria, anawagawia watu wa mafuriko.

"Baba, njooni. Nina msiba."

"Tunajua una msiba, mwanangu. Sisi ndio tuliokuwa tunaupikia."

"Huu ni mwingine. Mke wangu."

"Na mdogo wako yule tuliyemkuta anapasua kuni, alikufa tena?" Mzee hata hakuinua kichwa. "Rudi nyumbani. Tukimaliza kuzika hapa tutapita. Msiba wako haukimbii."

Sasa naona mnageuza macho dirishani kuona kama yale magari meupe ya wageni yapo barabarani. Yapo. Tangu yaje sijawahi kuamka nisiyaone.

Nchi yetu ilikatana, na hakuna benchi humu ndani lisilo na mwenye kovu au mwenye kaburi. Watu wa mbali wakaja wakaingia katikati. Mtu aliyekuzuia kumuua ndugu yako usimtukane. Mimi siwatukani, maji yao nimekunywa na turubai lao limenifunika. Wakawaweka wakubwa washike nyumba mpaka tuanue. Na kila tukikaribia kuanua, kukata mipaka, kuchagua, pana mahali panawaka moto. Hamjapata kujiuliza ni nani anayetangulia njiani? Udongo kwenye kucha hauhitaji shule kuuona. Yule tunayemwita mtawala ni mtu anayegawa chakula cha jirani, na sisi tunamwamkia vizuri tupate nyama.

Ndiyo, sisi. Msimwangalie mkubwa tu mkajiona safi. Wale wadogo wawili walikuwa na miguu, mbona hakuna aliyekwenda kwa mwenzake kumwuliza? Tukiambiwa watu wa bondeni wameng'oa mpaka, nani humu alikwenda kuangalia kwa macho yake? Tunashika panga kwanza, mpaka tutautazama baadaye. Halafu tunaketi mkekani, sahani mkononi, tunalalamika kwamba wageni wamechelewa. Na yule mwanamke anayeuliza tunaanua lini tunamwambia anyamaze, analeta maneno.

Na kama yupo humu anayewatafsiria wale wa kwenye magari, awaambie maneno ya kikongwe: anayekuja mbio kila mara kuwapa habari ya moto, mnuseni mikono. Na mkiondoka, msituachie furushi kizingitini.

Mikeka ni yetu. Tuikunje tukiwa bado tuna wa kukunja naye.

Mnataka kujua yule mkubwa alilipa nini. Kwetu mwanamke huoshwa na wanawake. Na mume hashiki jembe kwenye kaburi la mkewe; hukalishwa chini, akashikwa mabega. Hakuna aliyekuja kumshika mabega. Alimwosha mwenyewe, kwa maji aliyoyateka mwenyewe, na hakujua hata kitambaa safi mkewe alikuwa akikiweka wapi. Kisha akatoa jembe darini. Mpini ulikuwa umeliwa na mchwa, ukavunjika kwa pigo la kwanza. Akachimba kwa kushika chuma chenyewe, bondeni kule, kwenye udongo mweusi ule ambao tangu baba yake afe haukupata kuchimbwa. Kaburi lile ndiyo ilikuwa kazi yao ya kwanza, jembe na shamba.

Majirani walipita baadaye kama walivyoahidi, na sufuria moja ya maharage, imepakwa rangi chini. Wakakuta mikeka imekunjwa, imesimamishwa ukutani. Shamba lote lilikuwa lake sasa, hakuna wa kugombana naye, na kigoda, na sufuria nzima. Akakaa, akachota, akawanyooshea sahani watoto wake.

Watoto wakaitazama ile mikono. Hakuna aliyepokea.