Siku Baridi Alipofikishwa Mbele ya Kaizari

Hapo zamani, katika nchi moja ya Ulaya ambako maji ya mto huwa magumu kama jiwe kila inapoingia miezi ya baridi, alikuwako mtu jina lake Rodomiro. Alianza kazi kwa kupiga ngoma mbele ya askari. Basi akapiga ngoma hata akawa sajini, kisha akawa jemadari, na asubuhi moja akaona hapana mtu aliye juu yake ila mfalme, naye mfalme alikuwa mzee mwenye usingizi mwingi. Ikawa Rodomiro akamwinua mzee yule polepole kutoka kwenye kiti cha enzi, akamlaza kitandani pasipo kumwamsha, akajivika taji kwa mikono yake mwenyewe, akajiita Kaizari.

Tangu hapo hakutulia. Kila nchi aliyopakana nayo aliipiga, na kila mji alioutwaa aliuongeza katika jina lake. Akaweka sheria kwamba jambo lolote lisianzwe barazani, hata kuletewa supu, mpaka mpiga mbiu awe amelisoma jina lake zima. Mwaka wa kwanza supu ilifika ikiwa moto. Mwaka wa tatu ilikuwa vuguvugu. Mwaka wa saba Kaizari alikuwa bwana wa miji mia mbili na kumi na miwili, na supu yake ilikuwa imeganda mafuta juu, wala hapana aliyethubutu kucheka.

Mwaka wa nane akaenda kaskazini na askari laki moja. Watu wa huko hawakumpiga hata risasi moja. Walifunga milango, wakaota moto majumbani mwao, wakamwachia baridi. Wakarudi askari mia tatu, na Kaizari mwenyewe akarudi pua imefungwa kitambaa.

"Nani amenishinda?" akauliza barazani.

Majemadari wakatazamana. Mmoja akajikaza akasema, "Ni Baridi, Mtukufu."

"Ana cheo gani?"

"Hana cheo, Mtukufu."

"Nimeshindwa na asiye na cheo!" Kaizari akapiga meza. "Aletwe hapa nimhukumu. Andikeni: wanaume wote wa mji huu wa Kostova, tangu miaka kumi na sita hata sabini, watakwenda kaskazini kumsaka Baridi mpaka awe ameletwa mbele yangu amefungwa minyororo. Siku atakapoletwa, amri hii imekwisha. Safari ni Jumatatu."

Basi mjini Kostova palikuwa na mzee fukara aitwaye Ondrei, kazi yake kukata barafu mtoni na kuiuza. Kazi hiyo haikumpa kitu, maana miezi ya baridi kila mtu alikuwa na barafu yake mlangoni, na miezi ya joto, watu walipoitaka barafu, Ondrei hakuwa nayo. Kwa hiyo watu walimwona mjinga. Alikuwa na wana watatu. Wawili walikwenda kaskazini na Kaizari, hawakurudi. Wa tatu, Matei, mwokaji mikate, jina lake lilikuwa la kumi na nne katika orodha iliyobandikwa sokoni.

Ondrei akaisoma orodha mara moja, kisha akaisoma amri iliyo chini yake mara tatu, kidole chake kikifuata maneno.

"Baba, twende nyumbani," akasema Matei. "Hata ukisoma mpaka jioni, jina langu halitafutika."

"Sitazami jina lako, mwanangu. Natazama kazi wanayotaka ifanywe. Hii ni kazi yangu."

"Kazi gani?"

"Kumleta Baridi mjini. Miaka arobaini namleta kwa mkokoteni, na hakuna aliyeniambia hata asante."

Jumapili asubuhi Ondrei alikuwa kwenye lango la ikulu na mkokoteni wake, na juu yake kitu kirefu kilichofunikwa magunia.

"Umebeba nini, mzee?" akauliza askari wa zamu.

"Nimembeba Baridi. Amefungwa."

"Mzee wangu, na ubongo wako nao umeganda?"

"Mguse mwenyewe."

Askari akapenyeza mkono chini ya gunia, akautoa upesi. Alikuwa mmoja wa wale mia tatu. "Ndiye," akasema. "Huyu namjua." Akafungua lango.

Tangu arudi kutoka kaskazini, Kaizari hakukaa tena mahali penye ubaridi. Barazani yaliwaka majiko kumi na mawili, na majemadari walitiririka jasho ndani ya makoti yao. Ondrei akaondoa magunia. Pakasimama pande la barafu lenye kimo cha mtu, limechongwa kichwa, mabega na pua kubwa, limezungushiwa minyororo toka shingoni hata miguuni, na kichwani lina kofia kuukuu. Majemadari waliokwenda kaskazini wakarudi nyuma hatua moja. Mmoja, kwa kuchanganyikiwa, akapiga saluti.

"Ndiye huyu?" akauliza Kaizari.

"Ndiye, Mtukufu. Nilimkuta amelala mtoni."

"Mbona hatetemeki mbele yangu?"

"Mtukufu, huyu kazi yake ni kutetemesha wengine."

"Leo atajua! Yasomwe mashtaka!"

Waziri akainama. "Mtukufu, jina kwanza. Ndiyo sheria."

"Basi lisomwe jina, alisikie vizuri!"

Mpiga mbiu akakunjua karatasi, akaanza kusoma. Alipofika mji wa thelathini, tone la maji likadondoka kutoka puani mwa mshtakiwa.

"Analia!" akasema Kaizari kwa furaha. "Soma kwa sauti!"

Alipofika mji wa tisini, kofia ikashuka hadi mabegani.

"Anainama! Soma polepole, nataka nimtazame."

Alipofika mji wa mia na hamsini, mshtakiwa alikuwa na kimo cha mtu aliyepiga magoti, na Kaizari akapiga makofi kama mtoto. Mpiga mbiu akaendelea polepole, kama alivyoamriwa. Alipotaja mji wa mia mbili na kumi na miwili na kuikunja karatasi yake, pale mbele palikuwa na kofia, minyororo, na maji yaliyokuwa yakienda zake kuelekea mlangoni.

"Mshtakiwa yuko wapi?" akauliza Kaizari.

"Anatoka, Mtukufu," akajibu Ondrei, akaonyesha mlango.

"Mkamateni!"

Majemadari wakayarukia maji. Mmoja akayapiga kwa upanga, mwingine akayachota kwa kofia yake ya chuma, na wawili wakateleza, wakaketi chini kwa kishindo.

Kaizari akamgeukia Ondrei, macho yamemtoka. "Ewe mzee, umemtorosha! Utakufa leo!"

Ondrei akasema kwa utulivu, "Mtukufu, amri ilisema aletwe amefungwa. Nimemleta, na minyororo ile pale, haikufunguliwa hata pete moja. Kumlinda ilikuwa kazi ya majemadari. Nami nimesoma kwamba siku atakapoletwa, amri imekwisha."

Waziri akaitwaa amri, akaisoma huku akijipangusa shingo. "Imeandikwa hivyo, Mtukufu."

"Basi natoa amri nyingine! Kesho asubuhi wote waende..."

"Mtukufu," akasema mpiga mbiu kwa sauti ndogo, "jina kwanza."

Akaikunjua tena karatasi, akaanza upya. Alipofika mji wa tatu, jemadari mmoja aliyeketi majini akacheka. Akajiziba mdomo, kicheko kikatokea puani. Wa pili akacheka, wa tatu akacheka, na waziri akalazimika kushika meza. Kaizari akanyoosha kidole, akataka kuamuru wakamatwe, lakini jina lilikuwa halijakwisha. Basi watu wakatoka wakicheka, mmoja mmoja, na kabla ya mji wa hamsini baraza lilikuwa tupu. Askari wa langoni akaenda sokoni, akaibandua orodha.

Habari ikaenea. Miji ile ikajitwalia majina yake, leo mmoja, kesho mitatu, na mto ulipoanza kutiririka tena, jina la Rodomiro lilikuwa limebaki Rodomiro tu. Wafalme wa jirani wakampeleka kisiwa kidogo cha mbali, akakae huko. Gari lake lilipopita sokoni, akamwona Ondrei amesimama na Matei, akaomba farasi wasimamishwe. Kwa kuwa aliomba vizuri, walisimamishwa.

"Mzee," akasema kwa sauti ya chini, "ulipomkamata Baridi, alisema nini juu yangu?"

Ondrei akawakumbuka wanawe wawili. Neno kali likamjia ulimini, akalimeza.

"Hakukutaja, bwana," akamjibu taratibu. "Nadhani hakukujua."

Rodomiro akainamisha uso, akashusha pazia, na gari likaenda zake. Ondrei akamshika Matei mkono, wakarudi kwao, na hekaya hii ikawaacha hapo, mlango umefungwa na jiko linawaka.