Gari Lisilo na Mlio

Kabla kengele haijagongwa nimewasikia hapo nje kwenye ngazi za kanisa. Kwa kelele zile mtu angedhani mnagombania nyama. Huyu anasema magari ya umeme ndiyo ukombozi, yule anasema ni mtego wa wazungu, mwingine anasema hapana, ni wa Wachina, mwingine anauliza umeme wenyewe hautoshi kuwashia taa, hayo magari yatakula nini. Wababa mmetokwa na mate. Wamama nanyi mlikuwemo, msijifiche kwenye khanga. Haya, mmeshasema. Sasa kaeni, pakateni watoto, mnisikilize.

Palikuwa na mzee mmoja aliyekuwa sahihi.

Msicheke. Habari yake ndiyo hiyo hiyo, alikuwa sahihi. Aliendesha malori ya mizigo mpaka nchi za watu, na alipostaafu akarudi kukaa kwenye mji mdogo ulio chini ya kilima, kando ya barabara kuu. Kila asubuhi alikaa kwenye benchi la kijiwe cha kahawa, mbele ya duka la kinyozi, na kazi yake ikawa kujua. Mafuta yakipanda bei, anajua kwa nini. Vijana wakiharibika, anajua ni nani kawaharibu. Watu wakipigana huko mbali, watu wasiojua hata kama sisi tupo, yeye anajua nani atashinda. Akikohoa tu, wenzake wananyamaza, maana akikohoa anataka kusema. Na mtu akishazoea kunyamaziwa, ndugu zangu, anakuwa kama mlevi. Hawezi kupitisha siku bila kuonja.

Kijiweni hapo alikuwepo pia fundi simu, mtu mzima mwenye mke na watoto, ila ulimi wake ulikuwa wa moto. Habari zake zilitoka kwenye simu, na muda wa kuwaheshimu wazee hakuwa nao. Wale wawili walikuwa kama majogoo ndani ya tenga moja. Na sheria ya benchi lile ilikuwa ngumu: ukinyamaza hata kumeza kahawa, mwenzio ameshachukua zamu, na kuirudisha ni kazi.

Ng'ambo ya barabara aliishi mama mmoja kipofu. Huyo ndiye aliyekuwa akiwapikia kashata. Asubuhi anatoka na sinia kichwani, anasimama ukingoni mwa lami, anatega sikio. Lori likiteremka analisikia tangu juu kilimani, breki zinavyolia. Bodaboda ndiyo usiseme. Anangoja, panatulia, anavuka. Mkono hataki kushikwa. Siku moja kinyozi alikwenda kumshika kiwiko, akaambiwa, "Niachie, mwanangu. Marehemu mume wangu alinishika maisha yake yote na hakunifikisha popote." Kijiwe kizima kikacheka. Tangu hapo wakasema, huyu mama hataki msaada. Ikawa raha kwao, maana mtu asiyetaka msaada hakutoi kwenye kiti.

Lakini kuvuka kule mjue maana yake. Wanawe walishataka kumhamishia kwao, akae ndani, aletewe sahani, aambiwe mama lala, mama amka, angoje kufa. Yeye alikuwa akiwajibu, "Siku nikishindwa kuivuka ile barabara, njooni mnichukue. Kwa sasa naivuka." Uhuru wake wote ulikuwa upana wa lami ile.

Basi asubuhi moja kijiweni yakazuka hayo hayo yenu ya magari ya umeme. Fundi simu alikuwa na picha, anazipitisha mkono kwa mkono.

"Hili halijui hata kituo cha mafuta kilipo," akasema. "Unalichomeka kama simu, unalala, asubuhi unaondoka. Mzee, wewe na moshi wako mmekwisha."

"Nimekwisha mimi au zimekwisha akili zako?" mzee akajibu. "Umeme ukikatika utalisukuma na mkeo?"

Watu wakavunjika mbavu. Mmoja akamwaga kahawa.

"Usilete vichekesho, mzee. Lete hoja."

"Hoja?" Mzee akakohoa. Na hoja alikuwa nayo, tena ya kweli. Alikuwa amelala nayo, ameamka nayo, amekuja nayo kifuani kama yai. "Hoja unaitaka? Nikuulize. Hilo gari lako linalia?"

"Halilii. Kimya kabisa. Ndiyo raha yake."

"Ndiyo raha yake!" Mzee akawageukia wenzake. "Mnamsikia huyu?"

Wakati anageuka ndipo alipoliona. Kugeuka huko kulimwelekeza macho kilimani. Gari jeupe linateremka, zuri, linang'aa, halina moshi, halina mlio hata wa nzi. Dereva wa siku nyingi haambiwi gari ni la aina gani. Alijua palepale kwamba ndilo, la kwanza kufika mji ule. Na mnajua moyo wake ulifanya nini? Ulifurahi. Aliona shahidi wake anakuja mwenyewe bila kuitwa.

Akashusha macho, akamwona yule mama. Sinia kichwani, sikio limetegwa. Kwake yeye barabara ilikuwa tupu. Mguu mmoja ameshaukanyagisha lami.

Sasa niambieni ninyi. Ilihitajika nini hapo? Pesa? Elimu? Kikao? Lilihitajika neno moja. "Simama!" Sauti alikuwa nayo, sauti ya kumwita utingo kwenye mvua, ya kumfikia mtu aliye ng'ambo ya mto. Na kumshika mama wa watu mkono hakukuhitajika.

Lakini fundi simu alikuwa ameshafungua kinywa. Mzee aliiona midomo ile ikiachana. Alijua akipiga kelele zamu imekwenda, na hoja aliyolala nayo ataiokota mwingine. Akavuta pumzi. Pumzi hiyo moja, ndugu zangu, ilitosha kwa jambo moja tu. Akamnyooshea fundi simu kidole, akasema kwa nguvu zake zote:

"Gari lisilo na mlio litaua watu! Watu watagongwa, na hawatajua hata kilichowagonga!"

Akaimaliza sentensi yake. Sentensi nzuri, haikupungua hata neno.

Kishindo kikamwitikia.

Sinia lilizunguka barabarani kama sarafu, kashata zikatapakaa hadi miguuni mwao. Na mnajua neno la kwanza lililotoka kwenye benchi lile? Hakuitwa Mungu. Hakuitwa mama wa watu. Mzee alisimama, akasema, "Si niliwaambia?"

"Ulisema, mzee," kinyozi akajibu. "Kweli ulisema."

"Leo umenishinda," akasema fundi simu, na mkono wake ulikuwa umeshainua simu kupiga picha.

Kisha wakaanza. Kosa ni la serikali, haijaweka matuta. Kosa ni la waliolitengeneza, wangeliwekea hata kengele. Kosa ni la wanawe, wamemwachaje mama yao peke yake. Wakati huo yule mama yuko chini, anapapasa lami kwa kiganja, anauliza, "Ni nini? Ni nini kimenigonga?" Hakuna aliyemjibu, kila mmoja alikuwa anamjibu mwenzake. Aliyemnyanyua ni dereva mwenyewe, dada mmoja mgeni, analia huku anaomba radhi, akasaidiwa na muuza mchicha. Wakamlaza kwenye kiti cha nyuma cha gari lile lile, likageuzwa, likapanda kilima kwenda hospitali. Wanaume wakalisindikiza kwa macho mpaka likapotea. Mmoja akasema, "Lakini kilima linapanda vizuri."

Ndiyo, alisema hivyo. Mnaguna nini? Kwani ninyi mngesema nini?

Mama hakufa. Nyonga ndiyo iliyovunjika. Wanawe wakafika na mabegi, wakaambiana kwa sauti ya chini mlangoni kwamba basi, sasa yamekwisha, anakwenda kukaa ndani. Alikuwa kipofu, si kiziwi.

Mzee akaenda kumwona, na machungwa kwenye mfuko. Usingizi ulikuwa umempotea. Alitaka jambo moja tu, aambiwe na yule mama kwamba hana kosa. Akakaa, akakohoa. Wodi haikunyamaza, wagonjwa wana mambo yao.

"Pole sana, mama. Mimi nilisema. Waulize wote. Nilisema haya magari yataua watu."

"Ulisema lini, baba? Baada ya kunigonga?"

"Kabla! Ndiyo ninachokwambia. Kabla halijakufikia. Nilikuwa naliona linateremka."

"Ulikuwa unaliona."

"Kwa macho yangu haya."

"Na mimi je? Uliniona?"

Mzee akaanza kumenya chungwa. Ganda likamkatikia mkononi.

"Nilikuona, mama."

Yule mama akageuza uso wake pale sauti ilipotoka. Hakupandisha sauti. "Kwa hiyo uliwaambia wenye macho," akasema. "Mimi nisiyeona hukuniambia."

Safari hii zamu ilikuwa ya mzee, na hapakuwa na mtu wa kumnyang'anya. Akaliweka chungwa kando ya mto wa mama. Wana wa mama wakaingia kufunga mizigo, akapisha njia.

Mfano umeishia hapo. Msinitazame kana kwamba namsema mtu wa mji mwingine.

Gari la umeme mimi sina ugomvi nalo. Likija nitalipanda, na likiharibika nitashuka nitembee. Ugomvi wangu ni na lile benchi. Na benchi lile sisi tumelibeba mpaka humu ndani, tumelikalia, tumelipangusa vumbi na kuliita ibada. Sisi tumepungukiwa na nini? Habari? Tunazo mpaka zinatuvimbisha. Maoni? Hata mtoto wa chekechea wa hapa ana maoni. Dunia inakwenda wapi, tunajua. Nani kaiharibu, tunajua. Tunaambiana sisi kwa sisi, wenye macho kwa wenye macho, tunapeana heko, tunarudi nyumbani tumeshiba.

Yule binti wa jirani yetu alipotafutiwa kazi ng'ambo na mtu ambaye hata kwao hakujulikani, nani hapa hakujua? Tulijua. Tulilisema kisimani, tukalisema kwenye kikoba, tukalisema hapo uani Biblia zikiwa kwapani. "Yule mtoto anakwenda kupotea." Tulikuwa sahihi kabisa. Nani alibisha hodi kwa mama yake? Nani alimshika yule binti begi akamwambia, kaa chini kwanza, nikueleze ninachokijua? Hakuna. Tulingoja apotee, ndipo tukaenda kutoa pole, na kila mmoja alikuwa na lake la kusema kuhusu vijana wa siku hizi.

Na yule mke anayepigwa, ambaye ukuta mmoja tu umetutenga naye? Tunajua ataishia kuuawa. Tumeshasema. Tumemwambia kila mtu isipokuwa yeye, na isipokuwa mumewe.

Halafu tunadhani siku ya hukumu tutaulizwa kama tulikuwa sahihi! Nani kawadanganya? Shetani naye anayajua yote yatakayotupata, na hakosei sana. Anachokosa ni kutuonya. Sasa mtu anayejua, na anaona, na ana sauti, na hasemi kwa anayehusika, niambieni amefanana na nani. Semeni. Ngazini pale mlikuwa na midomo.

Kila mmoja wetu hapa anamjua mtu aliyekwisha kukanyaga lami. Jina lake limekujia sasa hivi, nimewaona mkiinamisha macho. Usinijie mimi baada ya ibada kunipa mkono na kuniambia nimesema vizuri. Usiniitikie amina. Mlango uko wazi, na yule mtu yuko nyumbani sasa hivi. Wimbo wa kufunga tutauimba bila wewe. Toka, nenda kamwambie.